Mkono unauma ukizuia ngumi ya uso? Angalia kiwiko
Dogo wa Majengo hapo Moshi, unauliza kwa nini mkono unauma kila ukipiga age uke, ile block ya karate ya kuinua mkono kuzuia ngumi ya uso. Ile ngumi hauipokei, unaitelezesha ipite juu. Mkono unapanda karibu na mwili afu mwishoni kabisa ndo unauzungusha upande wa kiganja uangalie mbele, kiwiko kibaki chini kuliko ngumi ili pawe na mteremko, ukiulaza flati uzito wote unatua kwenye mfupa na hapo lazima uumie tu. Mkono mwingine urudi kiunoni kwa nguvu ileile, huu wengi wanausahau sana aisee. Gedan barai nayo, ile ya kufagia mkono kwenda chini kuzuia teke, usiliinamie teke, kunja goti la mbele. Sisi huku Arusha tunaanza taratibu na mwenza, spidi baadae.