Neno likifika ukingoni, likatwe wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja. Nikichapa kifungu cha ufahamu kwa safu mbili na kunyoosha kingo zote, maneno huachana kwa mapengo makubwa. Mitihani ya Kiingereza haiharibiki hivyo. Nikitaka kukata neno mwishoni mwa mstari, nikate wapi?

Jibu: Marahaba. Unapoagiza kingo zote zinyooke, programu hujaza mstari kwa kupanua nafasi kati ya maneno. Neno lisilotosha hushushwa zima. Sasa tazama *watakapotuandikia*: herufi 17 bila pumziko, mahali ambapo Kiingereza kingetumia maneno matano mafupi. Likishuka hilo, mstari wa juu hubaki na maneno mawili matatu yaliyotawanywa.

Kwenye safu nyembamba mimi ningepanga maandishi kushoto tu, ukingo wa kulia uende utakavyo. Mwanafunzi atasoma kwa raha zaidi. Ule unadhifu wa kulia humfurahisha mkuu wa shule.

Ukilazimika kukata, fuata silabi, ambazo kwa kawaida huishia kwa irabu: wa-ta-ka-po-tu-a-ndi-ki-a. Msemaji wa Lusoga au Luganda hatapata taabu hapo, kwani silabi za kwao nazo ni hivyo hivyo. Ni *a-ndi*, si *an-di*: nd, mb, ny, ch, sh na wenzao hawatenganishwi. Ng' huenda na alama yake, ng'o-mbe. Tena usiache herufi moja ukingoni. M ya *mtoto* ni silabi kamili, lakini kata mto-to. Maneno ya mkopo ndiyo yenye ubishi: wapo wa hos-pitali na wapo wa ho-spitali. Mimi hukata hospi-tali, ugomvi ukaisha.

Kama lugha ya waraka imewekwa Kiingereza, usiiachie programu ikukatie maneno. Itafuata kanuni za huko. Wala usichape kistari cha kawaida, maana ukiongeza swali moja na maandishi yakasogea, kitabaki kimesimama katikati ya mstari. Kwenye Word bonyeza Ctrl pamoja na kistari. Hicho hujificha, kikaonekana pale tu neno linapoangukia ukingoni.