Ubani kidogo motoni: majibu kuhusu Roma na Wakristo wa kwanza

Tumezoea kusikia kwamba Wakristo waliwindwa miaka 300 bila kupumzika. Ni kweli?

Si kweli. Tangu moto wa Roma wa mwaka 64 hadi 313, uhuru wa ibada ulipotolewa, amri za makaisari zilizogusa dola zima zilikuwa chache: ya Decius (249 kuingia 250), za Valerian (257 na 258), na za Diocletian na wenzake (303 na 304). Kaisari Nero aliwaua Wakristo wa jiji la Roma tu, kwa kuwa alihitaji wa kubebeshwa lawama ya moto ulioacha salama mitaa 4 kati ya 14. Kwingine kote mambo yalitegemea liwali aliyekuwapo na hasira za watu wa mji. Gallienus alipozifuta amri za Valerian mwaka 260, kanisa lilipata utulivu wa miaka 40 na ushei, na majengo ya ibada yakasimama hadharani. La Nikomedia, mji ulio katika Uturuki ya leo, lilionekana kutoka ikulu ya Kaisari.

Uchungu wa waliouawa haupungui kwa kusema hivyo. Ila kila ukisikia habari ya mateso hayo, uliza kwanza: mwaka gani, jimbo gani, chini ya nani?

Kosa lao lilikuwa lipi hasa? Mbona Wayahudi nao walimwabudu Mungu mmoja na wakavumiliwa?

Roma haikumchukia mungu mgeni. Mwaka 204 KK ilimleta yenyewe mungu mke Cybele kutoka Asia Ndogo. Ilichokiogopa ni watu kukutana pembeni, mbali na macho ya serikali. Ibada ya Bacchus, mungu wa divai, ilipobanwa mwaka 186 KK, aliyetaka kuiendeleza alipaswa kuomba ruhusa ya Seneti, baraza kuu la Roma, kikao kikiwa na maseneta wasiopungua 100, na hata akiipata wasikusanyike zaidi ya watu 5: wanaume 2 na wanawake 3.

Wayahudi walikuwa na mila ya wazee wao, na Mrumi aliiheshimu mila kongwe hata kama haielewi. Kabla ya vita vya mwaka 66, katika hekalu la Yerusalemu sadaka zilitolewa kwa ajili ya Kaisari. Baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, walitozwa denari 2 (sarafu za fedha) kila mwaka, fedha iliyokwenda kwa Jupiter, mungu mkuu wa Roma.

Mkristo, machoni pa jirani zake, alikuwa ameitupa mila ya baba yake. Na tambiko halikuwa jambo la mtu na nafsi yake: miungu ikikasirishwa na mmoja, inaadhibiwa nchi nzima. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago (Tunisia ya leo), aliandika mwaka 197 hivi kwamba mto Tiber ukifurika, au Nile usipofika mashambani, kilio ni kilekile: Wakristo kwa simba!

Kesi yenyewe iliendeshwaje?

Tunayo barua ya Pliny, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo (majimbo hayohayo yanayotajwa mwanzoni mwa waraka wa kwanza wa Petro), aliyomwandikia Kaisari Trajan mwaka 112 hivi. Mshitakiwa aliulizwa: wewe ni Mkristo? Akikubali, aliulizwa mara ya pili na ya tatu, huku akitishiwa kifo. Akishikilia, aliuawa. Aliyekuwa raia wa Roma alipelekwa Roma. Aliyekana alirudia maneno ya kuiomba miungu, akatoa ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha akamlaani Kristo, akaachiliwa. Ili kupata habari zaidi, Pliny aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa watumishi wa kanisa.

Trajan alijibu kwa ufupi: wasitafutwe, wakiletwa na ikathibitika, waadhibiwe, anayekana na kuiabudu miungu asamehewe, mashitaka yasiyo na jina la mshitaki yasipokelewe. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote haya. Mwizi hasamehewi kwa kuahidi hataiba tena, lakini kosa la Mkristo lilifutika kwa punje za ubani. Na kwa kuwa serikali haikutafuta, uhai wako ulikuwa mikononi mwa jirani mwenye kinyongo.

Mwaka 180 huko Karthago, liwali Saturninus aliwapa Wakristo wa Scilli, mji wa Afrika Kaskazini, siku 30 wakafikiri. Walikataa hata hizo, na 12 wakahukumiwa kukatwa vichwa. Kigiriki kinawaita watu hao kwa neno lilelile la anayetoa ushahidi mahakamani, na Kiswahili nacho kinafanya hivyo: shahidi.

Nimesoma kuhusu vyeti vya kafara. Viliandikwa nini?

Decius aliagiza kila mkazi wa dola atoe kafara, na kila eneo likawa na kamati ya kusimamia. Huko Misri mchanga mkavu umetuhifadhia vyeti zaidi ya 40 vya mafunjo, vya Juni na Julai 250. Kimoja, cha tarehe 26 Juni, kinasema hivi kwa maana yake: kwa waliochaguliwa kusimamia kafara, kutoka kwa Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, wa kijiji cha Kisiwa cha Alexander, umri miaka 72, ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Siku zote nimeitolea miungu kafara, na sasa mbele yenu, kama amri inavyotaka, nimetoa kafara, nimemwaga kinywaji, nimeonja nyama. Naomba mnithibitishie.

Kovu lile ndilo lilikuwa kitambulisho chake. Tena angalia ambacho hakimo: Kristo hatajwi. Kuna hata cheti cha kuhani mwanamke wa mungu mamba, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumdhania kuwa Mkristo. Amri ilidai tendo kwa kila mtu. Imani ya moyoni haikuulizwa.

Mfumo huo ulikuwa na tundu. Wapo waliohonga wakapata cheti bila kukaribia madhabahu, wapo waliotoa ubani tu, na wapo waliokula nyama kabisa. Vurugu ilipopita, wote hao waligonga mlango wa kanisa. Maaskofu wa Afrika, wakiwa na Sipriani, askofu wa Karthago, waliamua mwaka 251 kwamba mwenye cheti cha kununua apokelewe baada ya toba, na aliyetoa kafara asubiri hadi anapokaribia kufa. Baadaye, hofu ya mateso mapya iliporudi, walilegeza. Sipriani mwenyewe aliuawa tarehe 14 Septemba 258.

Diocletian alichoma vitabu tu au na watu?

Vyote, kwa hatua. Tarehe 23 Februari 303 kanisa la Nikomedia lilibomolewa, na kesho yake amri ikabandikwa: makanisa yabomolewe, Maandiko yachomwe, Wakristo wenye vyeo wavuliwe. Kafara ya lazima kwa wote ilifuata mwaka 304.

Huko Cirta, Algeria ya leo, kumbukumbu za msako wa tarehe 19 Mei 303 zimebaki: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, kanzu 82 za kike na 16 za kiume, jozi 47 za viatu vya wanawake na 13 za wanaume. Mtu akisoma hesabu ile anaona ghala la kuvisha maskini. Waliokabidhi vitabu waliitwa wasaliti, na ugomvi juu yao uliligawa kanisa la Afrika Kaskazini kwa zaidi ya karne moja.

Walijificha katika makatakombe?

Hapana, yalikuwa makaburi ya chini ya ardhi, na wenye mamlaka waliyajua. Valerian alikataza kuingia humo mwaka 257.

Konstantino ndiye aliyeufanya Ukristo dini ya dola mwaka 313?

Mwaka 313 yeye na Licinius, Kaisari mwenzake, walimpa kila mtu uhuru wa ibada na kurudisha mali za makanisa. Dini ya dola ilikuja na amri ya Kaisari Theodosius ya mwaka 380. Lakini aliyefungua mlango kabla ya Konstantino ni Kaisari Galerius, mmoja wa watesi wakali, akiwa mgonjwa wa kufa. Tarehe 30 Aprili 311 amri yake ilibandikwa Nikomedia: Wakristo wawepo tena, wajenge nyumba zao za ibada, na wamwombe Mungu wao kwa ajili ya usalama wa Kaisari, wa dola na wao wenyewe.