Wadogo zangu wa propu (watafuta vifaa vya filamu), hilo gari lilikuwa bado halijaundwa

Juzi Kigamboni nimekuta vijana wanashuti sini ya vita ya Kagera, askari wanapakia kwenye Land Cruiser. Nikauliza mwaka. "1978, kaka." Lile gari ni la familia iitwayo "70 Series", iliyoanza kuundwa 1984. Idi Amin alishakimbia miaka mitano nyuma! Haya, shikeni machache kabla hamjanipandisha presha.

1. Mwaka kwanza, gari baadaye. Jeshi la enzi hizo litafutieni Land Rover 109. Gerezani kwa mafundi hamkosi wa kuwaelekeza.

2. Nembo ya Toyota yenye viduara imekuja 1989. Kuibandika solotepu nyeusi si ufumbuzi, kamera inaona.

3. Namba za T, tarakimu tatu na herufi tatu ni za miaka ya 2000. Kaombeni albamu za harusi kwa wazee, pleti za zamani zinasomeka vizuri tu nyuma ya bibi harusi.

4. Hili linaniuma mpaka leo. Tamthilia ilikuwa ya 1981, nikapata Peugeot 504 nyeupe kwa mzee mmoja wa Upanga. Nikaivua kila cha kisasa: redio ya flashi, stika za kioo cha mbele, rimu za spoti, tinted. Nikaikagua kama mama mkwe anayetafuta vumbi. Dairekta akanipigia saluti. Tukashuti baba anawapeleka wanawe ufukweni Oysterbay, jua linazama, mambo safi. Mzee mwenye gari kakaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama, kimya. Tumeshafungasha, jenereta limezimwa, ndipo akaniita.

"Mwanangu, hapo ni siku gani?"

Nikamjibu Jumapili, skripti inasema wametoka kanisani.

Akacheka mpaka akakohoa. "Jumapili jioni, na gari binafsi? Kibali kampa nani?"

Miaka ile ya uhaba wa mafuta, Jumapili mchana ukifika magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani bila kibali. Mzee anakumbuka, mimi nilikuwa nahesabu nati za rimu. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema hakuna aliyemuuliza, na chai tuliyompa ilikuwa ya baridi.

Pesa ya kushuti upya hakuna. Tukabadilisha kwenye sauti, Jumapili ikawa Jumamosi: mdomo wa mtoto unasema "pili", spika inasema "mosi". Na zile nguo za kanisani je? Familia nzima ikabidi iwe ya Wasabato, wakati sehemu ya tatu tulishawaonyesha wakiuza duka Jumamosi. Watazamaji walituchambua wiki nzima, na walikuwa na haki. Siku hizi mwenye gari anasoma skripti kabla hatujakubaliana bei. Na chai anapata ya moto.

5. Konda wa daladala kwenye hadithi ya 1975, hapana. Ziliruhusiwa rasmi 1983. Kabla ya hapo mpakieni mtu wenu kwenye basi la UDA, shirika la usafiri la Dar, na foleni iwe ndefu kweli, si wasanii wanne wanaochezea simu mfukoni.

6. Peugeot 404 gia yake iko kwenye usukani. Msanii aliyezoea Vitz ya otomatiki apewe gari siku moja kabla, la sivyo atapapasa chini akitafuta gia huku analia kufiwa na mama. Na msidhani mtamficha kwa kumshuti kuanzia mabegani. Bega linaonekana likihangaika.