Maswali ya Wasomaji: Nuno Álvares Pereira, ndugu zake na uzao wake

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kusoma historia ya Ureno nimekutana na Nuno Álvares Pereira, amiri jeshi aliyewashinda Wakastilia, watu wa ufalme jirani wa Kastilia (Hispania ya leo), mwaka 1385. Kitabu kimoja kinasema baba yake alikuwa mtawa, na kingine kinasema alipigana vita dhidi ya ndugu zake wa damu. Je, yote mawili ni kweli? Na mtoto wa mtawa alipandaje hadi akawa wa pili kwa mfalme? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Yote mawili ni kweli. Baba yake, Álvaro Gonçalves Pereira, alikuwa Mkuu wa Crato, yaani kiongozi wa Shirika la Wahospitali nchini Ureno, watawa waliobeba upanga na walioapa kutooa. Kiapo hicho hakikumzuia kupata watoto kwa wanawake kadhaa, na masimulizi ya zamani yanawahesabu kufikia 32. Naye Álvaro alikuwa mwana wa Gonçalo Pereira, askofu mkuu wa Braga, kwa hiyo katika ukoo huo jambo hilo halikuwa geni. Nuno alizaliwa mwaka 1360 na mama aliyeitwa Iria Gonçalves do Carvalhal, na mwaka uliofuata Mfalme Pedro I akatoa hati ya kumhalalisha. Hapo ndipo penye nusu ya jibu la swali lako la mwisho, kwa sababu kwa makabaila wa zama zile kuzaliwa nje ya ndoa kulikuwa kasoro inayoweza kufutwa kwa muhuri wa mfalme, mradi baba awe mtu mzito.

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alipelekwa katika jumba la Mfalme Fernando. Inasimuliwa kwamba siku ya kupewa silaha hapakuwa na dirii ya kumtosha kijana mdogo kiasi kile, ikabidi aazimwe ya João, Mkuu wa Shirika la Avis (shirika jingine la watawa wenye silaha), ambaye naye alikuwa mwana wa Mfalme Pedro aliyezaliwa nje ya ndoa. Mwaka 1376 baba yake alimwoza Leonor de Alvim, mjane mwenye mali kutoka kaskazini. Kijana mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi, hakuwa na hamu ya kuoa, lakini neno la baba lilipita.

Fernando alipofariki mwaka 1383 bila mtoto wa kiume, binti yake alikuwa ameolewa na Juan I wa Kastilia, na Juan akadai kiti cha Ureno kwa haki ya mkewe. Sehemu kubwa ya makabaila walimfuata, wakiwemo watoto kadhaa wa nyumba ya Pereira, na kwa sheria ya wakati ule hawakuwa wahaini hata kidogo. Nuno alimchagua João wa Avis. Mama yake alimwendea ili amtoe katika njia hiyo. Mwandishi wa tarehe Fernão Lopes anasimulia kwamba mazungumzo yalipokwisha, mama ndiye aliyegeuka, akamtuma na mwanawe mwingine, Fernão, amtumikie João.

Mwezi Aprili 1385 baraza lililokutana Coimbra lilimtangaza João kuwa mfalme, naye akamfanya Nuno amiri jeshi wake mkuu akiwa na miaka 24. Tarehe 14 Agosti walikutana na Wakastilia karibu na Aljubarrota. Nuno alikuwa amechagua kilima chembamba chenye mabonde ya vijito ubavuni, akawashusha wapanda farasi wapigane kwa miguu, huku wapiga mishale, Waingereza miongoni mwao, wakiwekwa pembeni. Wachimbuaji wa karne ya 20 walikuta pale mitaro na mamia ya mashimo yaliyochimbwa kuvuruga mashambulizi ya adui. Jeshi la Juan, lililokuwa kubwa kuliko la Ureno mara kadhaa, lilivunjika kabla ya usiku. Pedro na Diogo, ndugu zake Nuno kwa baba, walikuwa upande wa Kastilia, na wote wawili walikufa.

Malipo yake yalikuwa makubwa: alipewa Ourém, Barcelos, Arraiolos na ardhi nyingine tele, hata mfalme mwenyewe baadaye akajutia ukarimu wake na kutaka kuzirudisha baadhi ya ardhi ambazo Nuno alikwisha kuwagawia watu wake. Nuno alikasirika kiasi cha kutishia kuihama nchi.

SWALI: Je, kabaila huyu ana uhusiano wowote na Wareno waliofika kwetu? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Anao, tena wa damu. Mtoto wake pekee aliyekua ni Beatriz. Mwaka 1401 aliolewa na Afonso, mwana wa Mfalme João aliyezaliwa nje ya ndoa (ndiyo, huyu naye), ambaye baadaye alikuwa mtawala wa kwanza wa Bragança. Binti yao Isabel aliozwa João mwingine, mwana halali wa mfalme yule yule, yaani ami yake mwenyewe. Isabel alizaa mabinti wawili wanaostahili kukumbukwa. Mmoja aliolewa na mfalme wa Kastilia akamzaa Malkia Isabel, yule aliyemtuma Columbus mwaka 1492. Hivyo kilembwe wa mshindi wa Aljubarrota alikalia kiti cha Kastilia. Mwingine, Beatriz, alimzaa Manuel I, mfalme aliyemtuma Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na ambaye jeshi lake liliteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505.

Kwa upande wa Fernando, mjukuu mwingine wa Nuno na ndugu wa yule Isabel aliyeozwa ami yake, nyumba ya Bragança iliendelea kwa misukosuko. Mwanawe alikatwa kichwa Évora mwaka 1483 kwa tuhuma za kula njama, lakini mwaka 1640 uzao huo ulitwaa ufalme na kuushika hadi 1910. Wakati Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698, aliyekuwa akitawala Lisbon ni Pedro II wa Bragança. Kwa maoni yangu, harusi ya 1401 iliacha alama kubwa duniani kuliko vita vya Aljubarrota, ingawa vitabu vya shule huitaja kwa mstari mmoja.

SWALI: Ni kweli alikufa akiwa mtawa? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Ni kweli. Mkewe alifariki mapema naye hakuoa tena. Binti yake pia alitangulia kufa. Aliwagawia wajukuu mali yake, na mwaka 1423 akaingia konventi ya Wakarmeli ya Carmo jijini Lisbon, aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1389, akaitwa Bradha Nuno wa Santa Maria. Hakupewa upadri. Alifariki mwaka 1431, na Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 26 Aprili 2009. Sikukuu yake nchini Ureno ni tarehe 6 Novemba.