Maswali yenu: magofu ya Strata Florida

Nasoma Aberystwyth, Wales, na nina Jumamosi moja tu ya kutembea. Strata Florida inafaa?

Inafaa, ila usitarajie kuta ndefu. Abasia hiyo, yaani monasteri kubwa ya wamonaki, ilifungwa mwaka 1539 enzi za Mfalme Henry VIII, na mawe mengi yakaondoka. Kilichosimama ni mlango wa magharibi. Usipige picha haraka ukapita. Sogea uone nakshi: mifuo ya mawe inapanda, inakunja juu ya kichwa na kushuka upande wa pili, na kila baada ya hatua kuna mkanda wa jiwe ulioifunga kama kamba kwenye tita la kuni, ncha zake zimejiviringa. Kisha ingia ndani, utazame chini. Kwenye vikanisa vya pembeni, chini ya paa jipya, kuna vigae vya sakafu vya zamani. Kimoja kina mtu ameshika kioo anajitazama. Katika nyumba ya wamonaki!

Mwandishi, shikamoo. Kwa nini walijenga porini hivyo?

Marahaba. Walikuwa Wasistersi, shirika la wamonaki wanaofuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa katika abasia za Peramiho na Ndanda, Tanzania, lakini kwa ukali zaidi. Walitaka upweke, na milima ile ikawafaa kwa kondoo na sufu.

Upweke wenyewe haukudumu. Bwana wa Kinormani, yaani wa wale waliotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza, aliianzisha abasia mwaka 1164, lakini mara tu Rhys ap Gruffydd, mtawala wa Kiwelisi, akaitwaa nchi ile na kuwa mlezi wake. Mwaka 1238 Llywelyn Mkuu, mtawala mwingine wa Kiwelisi, aliwaita wakuu wa Wales hapo wamwapie utii mwanawe Dafydd. Mwaka 1401, kiongozi wa Kiwelisi Owain Glyndŵr alipoasi, jeshi la mfalme wa Uingereza likaingiza farasi kanisani.

Nivae nini?

Buti na koti la mvua, hata Julai. Kijiji cha Pontrhydfendigaid kiko karibu, lakini ulizia basi la kurudi kabla hujaondoka.

Rafiki ananiambia pale kuna kaburi la mguu. Ananitania?

Hakutanii. Liko kwenye makaburi ya kanisa la jirani, si ndani ya magofu. Jiwe linasema mguu wa kushoto na sehemu ya paja la Henry Hughes, fundi mapipa, vilikatwa na kuzikwa hapo tarehe 18 Juni 1756. Mimi nililipita mara mbili kabla ya kuliona.