Magunia matatu, gauni moja

Msomaji mmoja ameuliza: mama wa shamba huko Marekani mwaka 1950, watoto wanane au tisa, fedha yake ni ya mayai, aliwavisha vipi? Jibu liko kwenye banda la kuku. Chakula cha kuku kiliuzwa kwa magunia ya pamba, na kuanzia miaka ya 1930 wenye viwanda waliyapamba maua na mistari ili akina mama wavutike kununua. Kitambaa chenyewe ni jamaa wa ile nguo ya pamba iitwayo marekani iliyokuwa ikivaliwa huku pwani.

Wengi hudhani kazi kubwa ni cherehani. Si kweli. Mambo huharibikia dukani. Gunia la ratili 100 (kama kilo 45) likifumuliwa hutoa kitambaa cha yadi moja na kidogo tu. Gauni la mtu mzima hula magunia matatu, tena ya ua moja. Basi baba akienda kununua chakula atiwe kipande cha mfano mfukoni. Akirudi na maua mengine, gauni lingoje mpaka kuku wamalize kula. Na gunia lenye ua linalotakiwa ndilo huwa chini kabisa ya rundo.

Kufumua hakutaki papara. Gunia limeshonwa mshono wa mnyororo. Tafuta pale mshono ulipoishia, kata fundo, vuta: wote unaachia. Ukigoma umeshika ncha ya mwanzo. Hamia upande wa pili, usitie mkasi kwenye kitambaa. Uzi uviringe uweke, utashonea blanketi la viraka.

Maandishi ya wino yapake mafuta ya nguruwe au ya taa, yalale usiku kucha, asubuhi ufue kwa sabuni kali. Ukitumia mafuta ya taa usichemshe kabla hayajatoka, yanashika moto. Waliokuwa na haraka walishona chupi zenye jina la kiwanda cha unga, wakadhani hakuna atakayeona, wakasahau kamba ya kuanikia.

Fua kabla ya kukata, maana pamba hii hurudi. Mbele na nyuma zitoke kwenye magunia mawili. Mikono na kola kwenye la tatu. Matundu ya sindano ya pembeni yamezwe na mshono, la sivyo gauni litaanza kuchanika hapo hapo.

Kwa mtoto, acha pindo la inchi 3 au 4, umteremshie kila anaporefuka. Ila ukiliteremsha utaona mstari mahali pindo lilipokuwa, kwa sababu sehemu nyingine ya gauni imepauka kwa jua. Usihangaike kuufua. Shonea utepe juu yake, na mwaka wa pili mwingine chini yake. Mdogo wake atakayerithi gauni atadhani lilishonwa hivyo.