Indiana State 2024: Je, timu iliyoshinda mechi 28 ilistahili kuachwa nje?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Naishi Indianapolis na siku hizi naufuatilia mpira wa kikapu wa vyuo kuliko hata NBA. Kuna ubishi wa mwaka 2024 ambao wenzangu kazini hawajaumaliza. Indiana State walishinda mechi 28 na kufungwa 6 tu. Kwenye NET, kipimo rasmi cha kupanga timu za vyuo kwa ubora, walikuwa ndani ya 30 bora. Kamati inayoteua timu za mashindano ya taifa ikawaacha, ikawachukua Virginia waliokuwa wa 54. Kama kipimo ni chao wenyewe, mbona hawakukifuata? Na wewe mtu wa takwimu unaonaje, walistahili au hawakustahili?

JIBU: Ndugu yangu, walistahili. Nalisema mapema ili usidhani nataka kuzunguka. Ila hoja mbili zinazotajwa sana, kwamba ushindi 28 ni mwingi na kwamba NET iliwaweka juu, si hizo zinazonishawishi mimi. Ile ya kwanza ni dhaifu hasa, kwa sababu ukiwa kwenye ligi ya kati unaweza kukusanya ushindi mwingi bila kukutana na timu ya maana zaidi ya mara chache.

Tuweke utaratibu wazi kwanza. Mashindano ya taifa ya 2024 yalikuwa na timu 68. Mwaka ule 32 ziliingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao, na 36 zikateuliwa na kamati ya watu 12, wengi wao wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi. Indiana State waliongoza ligi yao, Missouri Valley, kwa ushindi 17 na kufungwa 3, wakafika fainali ya ligi, wakafungwa na Drake 84-80. Wangeshinda ile mechi, leo tusingekuwa na cha kubishania. Baada ya hapo hatima yao ikawa kwa kamati.

Sasa NET. Kipimo hiki kilianza msimu wa 2018-19 kuchukua nafasi ya kile cha zamani, RPI, na tangu 2020 kina sehemu mbili tu. Moja inaangalia umemfunga nani na mechi ilichezwa wapi. Nyingine inapima ufanisi: pointi mnazopata kila mnapomiliki mpira, toa pointi mnazofungwa, kisha hesabu inarekebishwa kulingana na nguvu ya mpinzani na uwanja. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyowapandisha vijana wa Terre Haute, mji wa chuo cha Indiana State. Kocha Josh Schertz alijenga timu ambayo karibu kila mchezaji aliyekuwa uwanjani alikuwa tishio kwa mitupo ya pointi tatu, hata senta wao Robbie Avila, yule wa miwani ya michezo, aliyekuwa akisogea mbali na kikapu na kugawa pasi kama mlinzi mpangaji. Mabeki warefu walilazimika kumfuata huko nje, na nyuma yao panabaki uwazi wa kukatisha hadi chini ya kikapu. Timu ya namna hiyo ikikutana na dhaifu haiishii kushinda kwa pointi 6. Inashinda kwa 20 na zaidi, na ufanisi unapaa.

Kwa hiyo NET inakueleza timu ina nguvu kiasi gani. Kamati kazi yake ni nyingine kidogo: kuamua timu imefanya nini msimu mzima. Ndiyo maana wajumbe hawasomi NET kama msimamo wa ligi, wakachukua kuanzia juu kushuka chini. Wanaitumia kuwapanga wapinzani wako katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni mechi ya nyumbani dhidi ya timu ya 1 hadi 30, au ya uwanja usio wa yeyote dhidi ya 1 hadi 50, au ya ugenini dhidi ya 1 hadi 75. La pili linaishia 75, 100 na 135 kwa mpangilio huohuo, na mengine yanafuata kushuka. Yote yanaandikwa kwenye karatasi moja kwa kila timu, na jicho la mjumbe linakimbilia fungu la kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo Indiana State walipokwama. Kwenye fungu la kwanza walishinda 1 na kufungwa 4. Virginia walishinda 2 na kufungwa 7. Ukisoma harakaharaka unaona 2 ni zaidi ya 1, unageuza ukurasa.

Lakini zitazame zile mechi za Indiana State moja moja. Walikwenda kwa Alabama wakafungwa 102-80, na Alabama hao ndio waliofika nusu fainali ya taifa msimu uleule. Walikwenda kwa Michigan State wakafungwa 87-75. Walikwenda kwa Drake wakafungwa, halafu wakakutana nao tena kwenye ile fainali. Ushindi wao ulikuwa ugenini kwa Bradley. Umeliona linalokosekana? Hakuna hata mechi moja ya fungu la kwanza waliyoicheza kwenye uwanja wao.

Na haingewezekana iwepo. Ili mechi ya nyumbani ihesabiwe kwenye fungu hilo, timu iliyo ndani ya 30 bora ingepaswa kufunga safari hadi Terre Haute. Ndani ya Missouri Valley hapakuwa na mpinzani wa daraja hilo. Nje ya ligi, vyuo vikubwa hulipa vyuo vidogo pesa nzuri kuja kucheza kwao, na hawarudishi ziara. Kwa faida gani? Wakishinda hawaongezi kitu kikubwa, wakifungwa wameharibu msimu. Kocha wa ligi ya kati anapiga simu mwaka mzima na kuambiwa kalenda imejaa. Virginia, kwa kuwa tu wamo ACC, moja ya ligi kubwa, mechi hizo zinawajia zenyewe kwenye ratiba. Walipata nafasi 9 wakatumia 2. Kuwahukumu wenzao kwa kuwa na ushindi mmoja pungufu, huku wakiwa na nafasi 5 tu na zote nje ya nyumbani, si haki, na kwa mtu wa takwimu si hesabu sahihi pia.

Hesabu ninayoiamini ni ile inayouliza: timu ya mpakani, yaani iliyo kati ya kuteuliwa na kuachwa, tuseme ya 45 kwa ubora nchini, ingeshinda mechi ngapi kama ingepewa ratiba hiihii? Kipimo chake kinaitwa WAB (Wins Above Bubble), yaani ushindi uliouzidi ule ambao timu ya mpakani ingepata. Nikupe tarakimu za mfano tu. Tuseme timu ya mpakani ikienda kwa Alabama ina nafasi ya asilimia 20 kushinda. Ukifungwa pale unapoteza 0.20, ukishinda unavuna 0.80. Ikicheza nyumbani na timu dhaifu ina asilimia 95. Ukishinda unapata 0.05 tu, ukifungwa unapoteza 0.95. Jumlisha msimu mzima. Kwa hesabu hii, kufungwa na Alabama na Michigan State ugenini hakukuwagharimu sana Indiana State. Kilichowagharimu ni Februari, walipofungwa nyumbani na Illinois State, timu ambayo hakuna aliyekuwa akiitaja kwa mashindano ya taifa, kisha siku chache baadaye wakafungwa ugenini kwa Southern Illinois. Mechi ya Illinois State peke yake inakaribia kufuta faida ya ushindi mmoja mkubwa. Anayewatetea Indiana State bila kuitaja hajasoma karatasi yao vizuri.

Lipo jambo jingine la kuwatendea haki wajumbe. Mwaka ule mpaka wenyewe ulisogea. NC State, Oregon, Duquesne na UAB walitwaa ubingwa wa ligi zao ilhali bila ubingwa wasingeteuliwa, na kila mmoja alimeza nafasi ambayo ingekwenda kwa timu ya mpakani. NC State walishinda mechi tano katika siku tano, na ya nne kati ya hizo iliwatoa Virginia haohao katika muda wa nyongeza. Tena Indiana State hawakuwa wa kwanza kwenye foleni ya walioachwa. Oklahoma na Seton Hall walitajwa mbele yao, na Seton Hall walikuwa wamewafunga UConn, waliokuja kuwa mabingwa wa taifa. Mjumbe aliyewapigia kura Seton Hall namwelewa. Aliyewapigia Virginia simwelewi.

Najua wenzako watakuambia matokeo yalithibitisha kosa: Virginia walikwenda Dayton kwa raundi ya awali wakafungwa 67-42 na Colorado State, wakipata pointi 14 kipindi chote cha kwanza. Usiitumie hoja hiyo. Kamati iliamua Jumapili, mechi ikachezwa Jumanne, na usiku mmoja wa mitupo mibovu haufuti wala haujengi msimu. Kwa uaminifu huohuo, usitumie sana ukweli kwamba Indiana State walifika fainali ya NIT, mashindano ya timu zilizoachwa, wakiwatoa SMU, Minnesota, Cincinnati na Utah, maana kule nako walifungwa na Seton Hall, 79-77.

Historia nayo haisemi kwamba kamati haiwaoni wa ligi za kati kabisa. Mwaka 2006 iliwateua George Mason huku wachambuzi wakilalamika, na wakawatoa Michigan State, North Carolina na UConn hadi nusu fainali ya taifa. Hasheem Thabeet wetu alijiunga na UConn miezi michache baadaye. Mwaka 2011 ikawateua VCU, nao wakaanzia raundi ya awali hadi hatua hiyohiyo. Mwaka 1989, wakati baadhi ya watu wakihoji kama ligi ndogo zinastahili hata ile nafasi ya bingwa, Princeton waliwabana Georgetown ya Dikembe Mutombo na Alonzo Mourning, wakafungwa kwa pointi moja tu, 50-49. Tatizo ni kwamba uteuzi wa namna ya George Mason unategemea wajumbe wa mwaka huo wana moyo gani, wakati ungepaswa kutegemea hesabu inayojali ratiba.

Hapo kuna habari njema. Kuanzia msimu wa 2024-25, WAB imeingizwa rasmi kwenye karatasi za timu. Kwa hiyo Machi ijayo wakianza kubishana kazini, waache wataje idadi ya ushindi. Wewe fungua karatasi ya timu husika, tazama WAB yake kwanza, kisha hesabu ni mechi ngapi za fungu la kwanza ilizocheza nyumbani. Kama ni sifuri, na WAB yake iko juu ya ya yule wa ligi kubwa anayeshindana naye, nafasi ni yake.